Jumanne Ile, Seoul Ikiwa Usiku

Kwa miaka miwili mwanamke mmoja wa Korea Kusini alikuja nyumbani kwangu, Schaerbeek, Brussels, kila Jumanne mchana, kujifunza Kiswahili. Ninaishi ghorofa ya tatu, juu ya duka la mikate la Mturuki, na lifti yetu imekufa tangu sijui lini. Alikuwa akifika akihema kidogo, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa, anasema, "Shikamoo, Mwalimu," kisha ananipa mfuko wa machenza kwa mikono miwili. Nilimzidi miaka tisa tu. Nilimwambia mapema kwamba shikamoo yake inanizeesha, akajibu kwamba kwao mtu hamsalimii mwalimu wake kama anavyomsalimia mwenzake. Nikamwacha. Mimi nilimwita dada.

Mwalimu ni mwalimu kweli, hakunipamba. Nilifundisha sekondari Morogoro kabla ya kumfuata mume wangu huku, alipopangiwa kazi ubalozini. Mume wangu amefariki, binti yetu ameolewa Antwerpen, na mimi nimebaki na wanafunzi wa mmoja mmoja: masista, madaktari, vijana wanaokwenda kujitolea. Huyu Mkorea hakufanana nao. Alikuwa ofisa wa serikali yake, mtu wa mambo ya usalama. Siku zake nyingi zilipita Evere, kwenye makao makuu ya ule umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, akiwaeleza Wazungu Korea Kaskazini imerusha kombora gani na kwa nini. Wakubwa wake walikuwa wamemdokeza kwamba kituo chake kinachofuata ni Dar es Salaam, ndiyo maana akanitafuta.

Mume wake alikuwa amebaki Seoul na kazi yake. Mtoto wao mmoja, kijana wa miaka ishirini na moja, alikuwa jeshini. Kwao kila mwanamume mzima wa afya lazima avae magwanda mwaka mmoja na nusu, apende asipende. Yule kijana alikuwa dereva katika kikosi kimoja karibu na Seoul. Mama yake alinionyesha picha yake siku moja, kichwa kimenyolewa, masikio yametokeza. Nilicheka nikamwambia amefanana na binti yangu alipotoka kuugua surua. Naye akacheka. Kisha akaifunga simu haraka, kama mtu aliyefunua kitu kisichotakiwa kufunuliwa.

Jumanne ninayoieleza ilikuwa mwanzoni mwa Desemba. Mvua ilikuwa ile ya hapa Brussels isiyonyesha wala kuacha. Somo letu lilikuwa la hospitali. Mimi nilikuwa daktari, yeye mgonjwa.

"Unaumwa nini, mama?"

"Daktari, kichwa kinaniuma. Na... mgongo inaniuma."

"Mgongo unaniuma."

"Mgongo unaniuma," akarudia, akaandika.

Ilikuwa yapata saa nane na nusu. Simu yake, iliyokuwa imelala kifudifudi kando ya kikombe, ikatetemeka. Hakuigusa, hakuwa mtu wa kugusa simu darasani. Ikatetemeka tena, na tena, mpaka ikaanza kusogea yenyewe juu ya meza. Akaomba radhi, akaigeuza, akasoma.

Nimeona watu wakipokea habari mbaya. Nilikuwapo mume wangu alipopewa majibu yake ya hospitali. Lakini sikuwahi kuona uso wa mtu mzima ukirudi utotoni namna ile. Akasema neno la kwao, halafu akanigeukia, akaanza kutafuta Kiswahili, kana kwamba bado tulikuwa darasani.

"Mwalimu, rais wetu... amesema kwenye televisheni... sheria ya jeshi. Sasa hivi. Jeshi linatawala."

Nilidhani amekosea maneno, au kwamba vita vimeanza. Mwezi mzima alikuwa akiniambia juu ya askari wa Kaskazini waliopelekwa kupigana vita vya Urusi, na jinsi mikutano ya Evere ilivyokuwa haina habari nyingine.

"Kaskazini wameshambulia?" nikamuuliza.

"Hapana. Si Kaskazini." Akajigusa kifuani. "Ni sisi. Sisi wenyewe."

Kwao ilikuwa saa nne na nusu usiku. Akampigia mume wake. Walizungumza kidogo, kwa sauti ya chini. Akapiga namba nyingine, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Hata bila kujua lugha yao nilijua ni ya nani. Baadaye akanieleza kwamba askari vijana hurudisha simu zao kila siku kabla ya kulala, na saa ile simu ya mwanawe ilikuwa imefungiwa kabatini kambini. Alilijua hilo vizuri. Alipiga mara sita.

Nilimwuliza kama anataka kurudi nyumbani kwake. Akatikisa kichwa.

"Naomba nibaki hapa. Nyumbani hakuna mtu."

Nikaongeza maji kwenye birika. Sikujua la kufanya zaidi ya hilo. Simu yake sasa ilikuwa imeegemea kopo la sukari, ikionyesha moja kwa moja yaliyokuwa yakitokea nje ya bunge lao. Umati ulikuwa umefika, watu wa kila rika, na makoti yao ya baridi. Wabunge walikuwa wakiruka ukuta. Nakumbuka mmoja, mwanamume mnene mwenye suti, akisukumwa matakoni na watu asiowajua ili apande. Siku nyingine ningecheka. Kisha helikopta zikatua nyuma ya jengo, na askari wakashuka na silaha zao.

Hapo ndipo aliponieleza habari ambayo mwaka mzima hakuwa ameigusa.

Alizaliwa Gwangju, mji wa kusini. Mwaka wa themanini, akiwa na miaka saba, nchi ikiwa chini ya utawala wa kijeshi, wanafunzi na watu wa mji ule waliandamana, na serikali ikapeleka askari. Waliua watu barabarani. Kaka yake alikuwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Alitoka asubuhi akisema anakwenda kuchangia damu hospitalini. Walimpata siku ya nne, kwenye ukumbi ambamo miili ilikuwa imepangwa sakafuni. Mama yao alimtambua kwa soksi, kwa sababu alikuwa amezitia kiraka mwenyewe.

"Miaka mingi tulikatazwa kusema," akaniambia. Aliacha Kiswahili, akasema kwa Kiingereza, polepole. "Shuleni walituambia waliokufa walikuwa wahuni waliotumwa na Kaskazini. Nilikaa darasani nikasikiliza. Niliandika hivyo kwenye mtihani, nikapata alama zote."

Alipofaulu usaili wa serikali na kuwa ofisa, mama yake hakumsemesha karibu mwaka mzima. Na mjukuu alipoitwa jeshini, yule bibi hakwenda kumsindikiza. Alikubali kupokea simu zake, lakini alikataa kutumiwa picha yenye magwanda.

"Kaka yangu alikuwa mbele ya bunduki," akasema, akiwatazama wale askari kwenye simu. "Sijui mwanangu leo yuko wapi. Kama yuko pale, atakuwa nyuma ya bunduki."

Sikumpa pole. Neno lilikuwa dogo mno. Nilivuta kiti changu nikakaa upande wake wa meza, tukaangalia pamoja.

Mara mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yangu wa ghorofa ya pili, maman mmoja wa Lubumbashi anayefanya usafi kwenye ofisi za Porte de Namur na kurudi alasiri. Alikuwa amebeba sufuria ya sombe, kisamvu chetu, kwa sababu Jumanne hupika kingi. Alituona sura zetu, akaweka sufuria jikoni bila kuuliza, akaja kusimama nyuma ya viti vyetu.

"Ni wapi pale?"

"Korea. Kwao," nikamjibu. "Rais ameita jeshi. Wanavunja madirisha ya bunge."

"Parlement ya kwao? Na ba soldat ya kwao benyewe?" Akavua kitambaa kichwani, akakaa. "Alors, hii mambo tunaijua. Siye kule, ukisikia tu musique ya militaire ku radio, unaingiza batoto, unafunga mulango."

Nikamnong'oneza kuhusu yule kijana.

"Iko na myaka ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Vingt et un! Eh, Mungu yangu. Ni mutoto." Akamshika yule Mkorea bega, mtu ambaye hakuwahi kumwona, akauacha mkono wake palepale.

Yapata saa kumi na nusu bosi wa mwanafunzi wangu alipiga. Alizungumza naye akiwa amesimama wima, kama bosi yuko chumbani. Alipomaliza akakaa, akanieleza. Simu za wenzao wa Ulaya zilikuwa hazikomi ofisini, kila mmoja anataka kujua kinachoendelea, na bosi alikuwa amemwuliza kama anaweza kuandaa maelezo mafupi ya kuwapelekea, ya kuwatuliza, kwamba mambo yanakwenda kwa mujibu wa katiba.

"Umemjibu nini?"

"Nimesema siwezi kuandika hivyo. Nimesema, nasubiri bunge lipige kura." Alitazama mikono yake. "Miaka ishirini na sita niko kazini. Sijawahi kumwambia mkubwa wangu 'siwezi'."

"Na yeye akasemaje?"

"Alinyamaza. Nikadhani simu imekatika. Halafu akasema: na mimi nasubiri."

Giza la Desemba lilikuwa limeanza kuingia, nami sikuwasha taa. Ndani ya lile bunge wafanyakazi walikuwa wamerundika viti na makochi mlangoni ili askari wasipite. Ukumbini wabunge walikuwa wakiendelea kufika, nywele timutimu, wengine bila tai. Idadi yao ilipotimia nilitegemea watapiga kura mara moja, lakini Spika wao, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa bado anapitia karatasi.

"Wanampigia kelele," mwanafunzi wangu akatutafsiria. "Wanasema fanya haraka, askari wako ndani. Yeye anasema hapana, lazima tufuate utaratibu. Tukikosea utaratibu, kura yetu haina maana."

"Huyu muzee anatafuta kufa," jirani yangu akasema, lakini alisema kwa heshima.

Saa kumi na moja jioni, kwao saa saba usiku, walipiga kura. Wote waliokuwa ukumbini walikubali amri ya rais iondolewe. Spika akagonga nyundo yake mara tatu. Nilimtazama mwanafunzi wangu, nikitegemea kilio au kicheko. Alikuwa amekunja ngumi mbili mapajani. Kwenye simu askari walianza kurudi nyuma, taratibu. Mmoja wao, kijana, aliwainamia watu waliokuwa njiani, kama anayeomba radhi, halafu akaendelea kutembea. Yule Mkorea akaisogelea simu mpaka pua yake karibu iguse kioo. Halafu akarudi nyuma.

"Si yeye," akasema.

Akavaa viatu, akasema lazima afike ofisini. Nilimsindikiza mpaka ofisini kwake kwa basi, kwa sababu sikutaka asimame peke yake kituoni. Ndani ya basi watu walikuwa wanatoka kazini, wamechoka, mifuko ya dukani mapajani. Simu yake iliita. Alikuwa Mzungu mmoja wa Evere. Nilimsikia akimjibu kwa Kiingereza kisafi, sauti imenyooka kama rula: bunge limepiga kura, tunafuatilia, tutawajulisha. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika wangu, na kucha zake zilikuwa zimezama.

Rais wao alikubali kuiondoa amri ile saa chache baadaye. Mwanafunzi wangu aliniandikia ujumbe wa maneno mawili, "Imeondolewa, Mwalimu," na mimi, Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililoliona ni kwamba hakukosea.

Siku tatu hakusikia neno kutoka kwa mwanawe. Jumamosi alikuja nyumbani bila miadi. Tulikaa jikoni, akanieleza.

Kijana alikuwa amepiga simu. Usiku ule waliamshwa, wakaambiwa kuna dharura inayohusu Kaskazini, akapewa basi la kuendesha lililojaa wenzake. Aliambiwa afuate gari la mbele, na gari la mbele lilipita daraja likaelekea bungeni. Wakati huo mmoja wa wakubwa alikuwa na simu, na habari ikapita kiti hadi kiti kwamba hakuna Kaskazini wala nini. Umati ukaziba njia. Ofisa wao akawaambia wakae ndani, wafunge mapazia, wasimjibu mtu. Wakakaa hivyo saa mbili na zaidi. Yeye, dereva, hakuwa na pazia. Mwanamke mmoja mzee alikuja kusimama chini ya dirisha lake, akawa anagonga kioo kwa kidole na kumwuliza: "Mwanangu, una miaka mingapi? Umekula?" Hakupayuka, hakutukana. Aligonga na kuuliza, akagonga na kuuliza.

"Mwanangu alitazama mbele," akaniambia. "Hakumjibu. Hilo ndilo linalomliza. Si bunduki, si amri. Anasema: Mama, alikuwa bibi, aliniuliza kama nimekula, na mimi sikumgeukia."

"Lakini hakumdhuru mtu," nikasema.

"Hakumdhuru." Alimenya chenza, akaligawa pande zote kwenye kisahani, hakula hata moja. "Nimemwambia hivyo. Halafu nikafikiri, ule mwaka wa themanini pia walikuwapo madereva. Mtu fulani aliendesha yale malori."

Jambo moja tu nilimwuliza: kama mama yake, bibi wa kijana, amejua. Akasema kijana amempigia mwenyewe. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akamwuliza kama kambini kuna joto la kutosha, akakata simu. Kesho yake akamtumia kifurushi cha soksi.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu. Kesi ilikwenda mahakamani, mwezi wa nne majaji wakamwondoa yule rais madarakani, mwezi wa sita watu wakapiga kura. Uhamisho wa Dar es Salaam ukasimama, ukazungumzwa, ukasimama tena. Yeye hakukosa somo. Ila kule Evere, aliniambia, kitu kilikuwa kimebadilika. Zamani alipoingia mkutanoni watu walimwuliza juu ya jirani wa Kaskazini. Sasa walimpongeza.

"Wananishika mkono, wanasema demokrasia yenu ni imara, hongera. Kama vile nimejifungua. Nami nasema asante. Ndiyo kazi yangu, na ni kweli, ilikuwa imara. Lakini nikitoka mkutanoni nanawa mikono mara mbili. Sijawaambia hata mmoja juu ya basi."

"Kwa nini umeniambia mimi?"

"Kwa Kiswahili nina maneno machache. Siwezi kujificha."

Kijana alimaliza muda wake wa jeshi, akaja Brussels mwezi wa saba. Nywele zilikuwa zimeota na masikio yamepotea. Nilimwalika chakula, na jirani yangu akaja na sombe yake na samaki wa kukaanga. Maman alimlisha kama anayemnenepesha. Alikula kila alichowekewa, akisema asante kwa Kifaransa alichojifunza kwenye ndege. Mama yake alikuwa akimtazama na kujifanya hamtazami.

Baada ya kula tulitembea, sote wanne, mpaka Porte de Namur, kwa sababu maman alitaka kununua vitambaa Matonge, mtaa wa maduka ya Waafrika, na alikuwa ameamua kwamba kijana atambebea. Wale wawili wakatangulia, mama na jirani yangu, kila mmoja akisema Kifaransa chake. Mimi na kijana tulibaki nyuma. Kulikuwa na jua, watu wamekaa nje ya mikahawa, muziki unatoka madukani. Halafu akaniuliza kwa Kiingereza, bila kunitazama:

"Mama anasema mliangalia pamoja siku ile. Kwenye simu."

"Tuliangalia."

"Tulionekanaje? Sisi askari."

Nilitafuta jibu zuri. Mwalimu huwa na akiba ya majibu mazuri kwa ajili ya watoto wa watu. Lakini nilikumbuka ile sura ya mama yake mezani kwangu, na nikaona kwamba mtu anayeuliza swali kama hilo hastahili kupewa la kubembeleza.

"Mwanzoni mlitisha," nikamwambia. "Niliogopa, na mimi niko mbali, nyumbani kwangu. Baadaye mlionekana watoto. Na bado mliogofya."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama anayeweka jambo mahali pake. Mbele yetu maman alikuwa ameshasimama mlangoni mwa duka, ametandaza vitenge viwili mikononi, anamwita kwa sauti aje achague kipi kinamfaa mama yake. Kijana aliniinamia, kisha akaenda. Nilimwona akisimama kati yao, akigusa kitambaa kimoja, halafu kingine, akichukua muda wake.